Filamu fupi ya fundi cherehani anayepoteza macho: filta na shata nizitumieje?

UziMmoja

Wakuu salaam.

Naandaa filamu fupi ya mama mmoja, fundi cherehani, anayeanza kupata mtoto wa jicho na hataki mtu ajue, hasa binti yake anayeishi naye. Mazungumzo ni machache mno. Sitaki mhusika yeyote aseme "macho yangu yanafifia". Nataka anayetazama aone mwenyewe kuona kunavyomtoka yule mama.

Matukio yanayonisumbua ni haya. Kuna mikono yake na sindano ya mashine kwa karibu sana, zile siku ambazo bado ni hodari. Baadaye sindano inamchoma kidole. Kuna mahali anachanganya uzi mweusi na wa buluu iliyokoza, mteja anarudisha gauni. Kuna binti anayemtazama kupitia kioo cha dirisha akiwa nje, mchana wa jua kali. Na mwishoni mama amesimama katikati ya umati, watu wanampita huku na huku, yeye hajui aelekee wapi.

Kamera yangu ni ya kawaida ya kubadilisha lenzi. Napiga fremu 25 kwa sekunde, nina lenzi ya milimita 35 na ya 85. Filta, vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi, sina hata moja. Kila ninayemuuliza ananipa jibu moja kati ya mawili: "shata iwe mara mbili ya fremu, umemaliza", au "wewe piga tu, mengine utayafanya kwenye kompyuta". Naona kuna kitu katikati hapo ambacho hakisemwi. Nisaidieni: filta zipi zina kazi ya kweli katika hadithi hii, na shata naweza kuichezea wapi bila kuharibu?

KiooSafi

Hongera kwa wazo mkuu. Fremu 25, shata 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa 1/50 ya sekunde, usiiguse tena. Jua likikuzidi, funga ND, filta ya kijivu ya kupunguza mwanga, badala ya kupandisha shata. Filta nyingine zote ni mapambo, na wanaoanza huzipenda kwa sababu zinaonekana haraka. Kamilisha taa na uigizaji kwanza.

Mwanagizani

UziMmoja mdogo wangu, nitakujibu kwa urefu, maana hadithi yako ni ya macho na kazi yetu sisi wa kamera ni macho. Kabla ya kutaja filta yoyote, jibu swali moja kwa kila tukio: hapa tunaona kwa macho ya nani? Una watu wawili. Mama, ambaye anapotelewa na picha ya dunia, na binti, ambaye polepole anaanza kumwona mama yake. Ukiweka filta ileile kwenye filamu nzima, mtazamaji ataizoea kabla dakika ya pili haijaisha, na kuanzia hapo haina kazi tena. Ukiigawa, kila inapoingia na kutoka kuna jambo linasemwa.

KiooSafi yuko sahihi kuhusu 1/50. Kamera za filamu zilikuwa na sahani inayozunguka mbele ya dirisha la filamu, na sahani iliyokatwa nusu, yaani digrii 180, iliruhusu mwanga kwa nusu ya muda wa kila fremu. Kwa fremu 24 ni 1/48, kwa fremu 25 ni 1/50. Watazamaji wamekulia kwenye ukungu ule mdogo wa mwendo kiasi kwamba hawauoni. Hiyo ndiyo sababu naupa binti. Kila tunapotazama kwa macho ya binti, 1/50, kioo safi, bila kubadilisha. Mama ndiye tutakayemchezea.

Anza na sindano. Siku za uhodari wake acha 1/50 vilevile. Sindano itakuwa mstari wa kijivu unaotetemeka, vidole vitakuwa na ukungu kidogo, kitambaa kitateleza, na vyote vitaungana kuwa mwendo mmoja. Ukungu huo unasema "huyu anajua kazi" kuliko picha kali ya sindano iliyogandishwa. Angalia jambo moja ambalo watu hulisahau. Mashine ikishona mishono 750 kwa dakika, hiyo ni 12 na nusu kwa sekunde, nusu kamili ya fremu zako 25. Sindano itaonekana mahali pawili tu: fremu hii juu, fremu ijayo chini, juu, chini. Ikifika mishono 1,500 kwa dakika itaonekana imesimama tuli huku kitambaa kinatembea. Shata haitibu hilo. Linatibiwa na mguu wa mwigizaji kwenye kanyagio: aongeze kasi kwenye mshono mrefu, apunguze kwenye kona, kama mafundi wafanyavyo. Kasi ikiwa haitulii, mchezo huo wa macho haupati nafasi ya kushika.

Sasa kidole kinachochomwa. Hapo nenda 1/200, ambayo kwa fremu 25 ni digrii 45. Ukungu wote unaondoka. Kila fremu inakuwa picha kali inayojitegemea, na zikifuatana mwendo unakatika-katika, hauna utelezi. Mpiga picha Janusz Kamiński alitumia shata za digrii 45 na 90 kwenye tukio la kutua ufukweni katika filamu ya vita Saving Private Ryan ya mwaka 1998, na ndiyo maana mchanga unaorushwa na milipuko unaonekana chembe kwa chembe na askari wanakimbia kwa mwendo usiotulia. Wewe huna vita, una kidole kimoja, kwa hiyo dozi ni muhimu. Ushauri wangu ni huu: usibadilishe shata sekunde ile sindano inapogusa nyama, itasomeka kama ujanja. Badilisha tangu mwanzo wa tukio lile, pale anapohangaika kupitisha uzi kwenye tundu na uzi unamkwepa. Mtazamaji aanze kukosa raha bila kujua kwa nini. Na ukishaingia 1/200 baki humo mpaka tukio liishe.

Kuna gharama mbili za 1/200. Ya kwanza ni mwanga: kutoka 1/50 umepoteza stopu mbili, kila stopu ni nusu ya mwanga, yaani umebakiwa na robo. Ya pili ni taa. Kwenye umeme wa hezi 50 taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/50 au 1/100 inakusanya mapigo kamili, hivyo kila fremu inapata kiasi kilekile. Ya 1/200 inakamata nusu ya pigo, mara kwenye kilele, mara kwenye bonde, na utaona mistari ya giza kwenye ukuta. Mahali penye hezi 60 namba salama ni 1/60 na 1/120. Kwa hiyo tukio la kidole liweke karibu na dirisha na uzime taa za ndani, au tumia taa uliyoijaribu kwa shata hiyohiyo.

Halafu filta, na hapa ugonjwa wenyewe umeshakuandalia mpangilio. Mwenye mtoto wa jicho huona duara za mwanga kuzunguka taa, mwanga mkali humuumiza, utofauti wa giza na mwanga hupungua, na rangi hufifia na kuelekea unjano. Kwa duara na mng'ao, tafuta filta za ukungu zenye chembe nyeusi ndani ya kioo. Hupangwa kwa nguvu, na namba hizi si za shata: 1/8, 1/4, 1/2, 1. Zile chembe hutawanya mwanga kutoka sehemu angavu kwenda pembeni, na weusi wake huzuia giza lisigeuke kijivu kupita kiasi. Mwanzo wa filamu usiweke kitu. Mara ya kwanza iwe 1/8 wakati wa jioni, taa ya mezani ikiwa ndani ya fremu, maana bila chanzo cha mwanga filta hii karibu haionekani. Mbele zaidi 1/4. Ukifika 1/2 uwe umefika mahali ambapo hata yeye hawezi tena kujidanganya.

Sikiliza hapa kwa makini: nguvu ya filta hiyo hubadilika na lenzi. Ile 1/4 inayoonekana kwa adabu kwenye milimita 35 itakuwa nzito kwenye 85. Ukitoka picha ya mbali kwenda picha ya uso bila kushusha daraja, picha mbili za dakika ileile zitaonekana za magonjwa mawili tofauti. Kwenye 85 shuka daraja moja.

Dirisha ni la binti, na hapo pekee naye anapata filta: polaraiza. Mtaa wenye jua unajitazama kwenye kioo, mama yuko ndani gizani, haonekani. Polaraiza huondoa mwanga uliorudishwa na kioo, lakini kwa pembe maalum tu. Ukisimama mbele ya dirisha moja kwa moja haifanyi kitu. Unatakiwa kuwa kwa ubavu, mstari wa lenzi ukiwa kama digrii 35 kutoka kwenye uso wa kioo. Hiyo inakufaa kihadithi pia: anayechungulia hasimami katikati ya dirisha. Funga kamera kwenye tripodi, anza polaraiza ikiwa imegeuzwa upande ambao mtaa unaonekana wote kwenye kioo, kisha izungushe polepole kwa mkono huku kamera inarekodi. Mtaa utayeyuka na mama atatokea ndani, akipapasa meza kutafuta mkasi. Hakuna neno litakalohitajika. Ndani umpe mwanga, hata karatasi nyeupe kubwa ya kurudisha jua, la sivyo mtaa utaondoka na nyuma yake pabaki weusi mtupu.

Ya mwisho ni ND, na hapa kuna hesabu ya kufanya nyumbani kabla ya siku ya kupiga. Jua la wazi kwa ISO 100, kipimo cha usikivu wa kamera kwa mwanga, linataka tundu la lenzi f/16 na shata 1/100. Wewe unataka f/2.8 na 1/50. Kutoka f/16 mpaka f/2.8 ni stopu tano, kutoka 1/100 mpaka 1/50 ni moja, jumla sita. Hiyo ni ND 1.8, wengine huiandika ND64. Kamera yako ikiwa na ISO ya msingi 800, ongeza tatu, ziwe tisa. Kwenye dirisha kumbuka polaraiza nayo hula karibu stopu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo itoe kwenye hesabu.

Usitumie ND ya kuzungusha kwenye dirisha hilo. Ndani yake ni polaraiza mbili zinazopishana. Ukigeuza kupata mwanga unaotaka, mtaa kwenye kioo unabadilika wenyewe bila ruhusa yako. Na ukiibana mpaka mwisho utapata msalaba mweusi katikati ya picha, hasa kwa lenzi pana.

Kingine kinachokuhusu wewe kuliko watu wengi: ND nzito za kawaida hupunguza mwanga unaoonekana lakini huacha infraredi, mwanga ambao jicho haliuoni, ipite, na vitambaa vyeusi vya nyuzi za viwandani hurudisha infraredi kwa wingi. Nguo nyeusi inageuka kahawia yenye wekundu. Filamu ambayo hadithi yake inasimama juu ya weusi wa uzi haiwezi kukubali hilo. Tafuta ND yenye kizuizi cha infraredi.

Suala la uzi wenyewe nawaachia watu wa rangi. Wapo humu.

MezaYaUhariri

Nimeitwa. Mimi nakaa kwenye uhariri na rangi, na nina neno na dada Mwanagizani, kwa heshima.

Kuhusu uzi: UziMmoja, usinunue filta ya njano. Lenzi ya jicho lenye ugonjwa huu hunyonya mwanga wa buluu, ndiyo maana buluu iliyokoza humfikia mtu kama nyeusi. Kwenye kompyuta ni kazi ndogo kabisa: nashusha mwangaza wa buluu peke yake mpaka nyuzi mbili zifanane, na natia unjano kwenye sehemu angavu. Na nikifika kwenye picha ya mkono wa mteja anayerudisha gauni, narudisha buluu mahali pake, tunaona kwa jicho la mteja. Ukitumia filta mbele ya lenzi, hiyo buluu haikurekodiwa vizuri, na nikitaka kuirudisha napata chenga tupu. Unachotakiwa kufanya wewe ni kufunga kwa mkono mizani ya weupe, yaani rangi ambayo kamera inaihesabu kuwa nyeupe. Ukiiacha ijiendeshe, kamera itapigana na kila badiliko la mwanga mle ndani na mimi nitashinda nikifukuzana na picha.

Ila kwa hizo filta za ukungu sikubaliani. Ukishaweka 1/2 kwenye lenzi, haitoki. Mwongozaji akija mezani akasema tuhamishe tukio la dakika ya tisa liwe la nne, na matukio huhamishwa kila filamu, tayari ugonjwa umeruka mbele halafu ukarudi nyuma. Piga safi. Mng'ao nitaongeza mimi, kwa kiwango chochote, fremu kwa fremu. Hata ukungu wa mwendo siku hizi programu zinaongeza.

Mwanagizani

MezaYaUhariri, kwa uzi na njano tuko pamoja, na umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza. Rangi kwenye kamera ya dijitali inaweza kungoja. Haikuwa hivyo kwa waliopiga The Lighthouse ya mwaka 2019. Mpiga picha wake, Jarin Blaschke, alipiga kwa filamu halisi ya nyeusi na nyeupe na akatengenezewa filta maalum iliyokata mwanga mwekundu, ili ngozi za waigizaji zitoke nyeusi-nyeusi na zenye mikwaruzo kama kwenye filamu za zamani sana zisizouona wekundu. Filamu ya nyeusi na nyeupe haihifadhi rangi za kutenganisha baadaye, ilibidi uamuzi ufanyike mbele ya lenzi. UziMmoja hana sababu hiyo.

Kwa ukungu nitasimama nilipo, na sababu si mazoea. Taa ya mezani ikiwa ndani ya fremu, sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, inajaa. Inaandika "nyeupe" na kuishia hapo. Dirisha lenye jua nalo linaandikwa "nyeupe". Moja lina nguvu mara nyingi kuliko jingine, lakini kwenye faili yako yako sawa, kwa hiyo mng'ao utakaouongeza utawapa ukubwa sawa. Kioo cha filta kilikutana na mwanga wenyewe kabla sensa haijajaa, kikautawanya kila mmoja kwa kadiri yake. Na kuna taa iliyo nje kidogo ya fremu. Inagonga filta kwa ubavu na kuosha kona ya picha. Kwenye faili safi taa hiyo haipo kabisa, huwezi kutawanya kitu ambacho hakikurekodiwa. Mtu mwenye ugonjwa huu huteswa zaidi na mwanga anaotaka kuukwepa, ule ulio pembeni.

Ukungu wa mwendo wa programu unakadiria kila kitu kilihama kutoka wapi kwenda wapi. Gari barabarani, sawa. Vidole kumi vinavyopishana juu ya kitambaa chenye maua, na sindano inayopanda na kushuka mara kadhaa kwa sekunde? Programu itachanganya ua na ukucha. Na mtaa kwenye kioo cha dirisha, ule ulioziba uso wa mama, nyuma yake hakuna uso uliohifadhiwa.

Hoja yako ya kuhamisha matukio ni nzito, na tuipe jibu la vitendo. UziMmoja, matukio ya mama yanayoweza kuhama, yapige yote kwa 1/8 au 1/4, daraja ambazo zinaweza kukaa popote. MezaYaUhariri ataongezea juu yake kidogo pale panapohitajika, na mng'ao wa kweli ukiwepo chini, wa kuongezwa unajificha vizuri. Ile 1/2 ibakize kwa tukio ambalo una uhakika halihami. Umati mwishoni, kwa mfano.

MezaYaUhariri

Hapo kwa taa iliyo nje ya fremu umenibana, sina la kujibu. Nakubali 1/8 na 1/4. Ila UziMmoja, kila picha muhimu rudia mara moja bila filta, kama muda upo. Siombi zaidi ya hapo.

NyaviZaMwanga

Ndugu zangu mmezungumza filta za kununua tu. Ipo njia ya zamani ya soksi nyembamba ya kike, ile nyeusi ya wavu laini sana. Inavutwa vizuri na kubandikwa nyuma ya lenzi, upande unaoingia kwenye kamera, bila kugusa kioo wala miguso ya umeme. Taa zinapata mng'ao wenye miale, ngozi inalainika, na weusi unabaki. Rangi ya soksi ina maana: nyeusi inatunza giza, ya rangi ya ngozi inaleta joto na kupandisha kijivu. Hakikisha haina mkunjo, na ukifunga tundu la lenzi sana nyuzi zake zitaanza kuonekana, kwa hiyo baki f/4 kwenda chini kuelekea f/2.

Ukitaka ukungu wa pembeni au wa katikati tu, chukua filta ya kioo kitupu na upake mafuta ya mgando kwa kidole, mahali unapotaka pafe. Acha sehemu ndogo safi. USIPAKE KWENYE LENZI. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu lenzi haisameheki. Uzuri wake ni kwamba mchoro unaufanya mwenyewe, hakuna picha mbili zinazofanana, na ukivuta mafuta upande mmoja mwanga nao unavutika upande huo.

Mama wa hadithi hii akitazama uso wa binti yake mara ya mwisho kwa ukaribu, ningepaka mafuta kila mahali isipokuwa jicho moja la binti.

UziMmoja

Nimesoma mara mbili mbili, asanteni sana. Hilo swali la "macho ya nani" limenipangia karatasi nzima ya matukio upya. NyaviZaMwanga, wazo la jicho moja la binti nalichukua, ruhusa naomba.

Umati bado. Nilikuwa nataka watu wote wawe kama mto na mama awe mkali katikati yao. Nimejaribu 1/25 na watu wanaonekana watu tu wenye ukungu kidogo. Nikishuka zaidi kamera inakataa, au picha inakuwa nyeupe. Nifanyeje?

NyaviZaMwanga

Chukua, limekuwa lako.

Mwanagizani

1/25 kwa fremu 25 ni digrii 360, shata haifungi kabisa kati ya fremu na fremu. Huwezi kupata zaidi ya hapo bila kupunguza idadi ya fremu, maana fremu haiwezi kukusanya mwanga kwa muda mrefu kuliko uhai wake. Kamera nyingine hukuruhusu kuweka 1/6 hata ukiwa fremu 25. Kinachotokea ni kwamba kamera inachukua picha chache na kuzirudia ili kujaza sekunde. Angalia kwenye mipangilio, mara nyingi inafunguka tu ukiwa umeweka kila kitu kwa mkono. Kamera yako ikikataa kabisa, piga picha za mfululizo kama za kupunguza muda, tano kwa sekunde, kila moja 1/6, na kwenye uhariri kila picha irudiwe mara tano.

Hii ndiyo njia ya mwongozaji Wong Kar-wai na mpiga picha Christopher Doyle kwenye filamu ya Chungking Express, mwaka 1994: walipiga fremu chache kwa sekunde, kisha kila fremu ikarudiwa wakati wa kuchapisha filamu. Mwigizaji alijongea taratibu mno, umati ukapita kwa kasi yake ya kawaida. Ukitazama matokeo, mtu mmoja na dunia nzima hawako kwenye saa moja.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwa mwigizaji wako. Kwa 1/6 hata kupumua kunaacha alama begani. Msimamishe akiwa ameegemea kitu ambacho kamera haikioni, nguzo au mgongo wa mtu, uzito kwenye miguu yote miwili, kidevu kimetulia. Kope afumbe akitaka, kufumba kwa haraka hakuonekani. Kisha mwambie ageuze kichwa polepole kuliko anavyodhani inatosha, na umwambie tena apunguze. Uso wake utayeyuka kidogo wakati wa kugeuka na kukaza tena anapotulia. Huo ndio wakati wa kuutafuta.

Picha kuwa nyeupe ni hesabu ileile ya awali. Kutoka 1/50 mpaka 1/6 umeongeza stopu tatu za mwanga, kwa hiyo ND iongezeke kwa 0.9. Mchana wa jua kwa f/2.8 na ISO 100 utafika 2.7. Mimi ningepiga jioni jua likishazama, taa za barabarani zimeanza kuwaka: ND nyepesi inatosha, na hapo ile 1/2 ya ukungu ina taa za kuzichezea. Taa za magari zitachora mistari yenye mng'ao. Tripodi iwe nzito. Watu wapite karibu na lenzi pande zote mbili, maana anayepita karibu ndiye anayekuwa mto. Aliye mbali anabaki mtu mwenye ukungu, kama ulivyoona. Tumia 85, simama mbali, umati ujaze nafasi kati yako na yeye.

Sauti ya tukio hilo rekodi peke yake. Midomo haitalingana na kitu.

UziMmoja

Nimeelewa. Swali la mwisho kabisa: binti yuko kwenye umati huo pia, anakuja kumshika mkono. Yeye nimpige kwa shata ipi? Ulisema binti ni 1/50 siku zote, ila wako kwenye picha moja.

Mwanagizani

Swali zuri sana hilo. Picha ni ya mama, kwa hiyo binti aje akiwa ukungu kama watu wengine. Akifika asimame, na asimame kweli, kwa namna ileile ya mama, na mikono yao ishikane pale. Atakaza mbele ya macho ya mtazamaji ndani ya picha ileile, bila kukata. Kisha kata kwenda kwa binti, 1/50, lenzi tupu, tuuone uso wa mama kama binti anavyouona. Fanyeni mazoezi ya kusimama kwake mapema, kabla ya kuwaita watu wa umati, kwa sababu mwanga huo wa jioni haukai hata nusu saa.